Digrii ya Miaka Mitatu na Ndoto ya Kusoma Nje: Hesabu Ambayo Hukufundishwa Chuoni

Umepata kozi ya uzamili unayoitaka hasa, kwenye chuo kimoja cha Marekani au Kanada. Unashuka kwenye masharti, mambo yanaenda vizuri, halafu unakutana na mstari mmoja: mwombaji awe na digrii ya kwanza ya miaka minne. Yako ni ya mitatu. Wengi hapo ndipo wanapofunga ukurasa na kuendelea na mambo mengine.

Makala hii ni ya kukuzuia usifunge ukurasa mapema. Kama unasoma au umemaliza digrii ya miaka mitatu pale UDOM, St. John's, Chuo cha Mipango au popote Tanzania, kuna hesabu ndogo unayotakiwa kuijua kabla hujajikataa mwenyewe. Kujikataa ndilo tatizo kubwa hapa. Chuo kikikukataa, angalau mtu amesoma faili lako. Ukijikataa wewe, hakuna aliyelisoma.

Tuanze na chanzo, kisha tuingie kwenye nchi moja moja, halafu tumalizie na nini cha kufanya. (Kama umesoma uhandisi wa miaka minne au udaktari wa miaka mitano, sehemu kubwa ya makala hii haikuhusu. Mtumie rafiki yako.)

Miaka mitatu ilitoka wapi?

Muundo huu haukubuniwa Dodoma. Chuo kikuu kishiriki kilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1961, kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaunganishwa na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, mpaka 1970 kilipovunjwa na kila nchi ikabaki na chuo chake. UDOM ilipoanza mwaka 2007 ilirithi muundo ambao tayari ulikuwa wa nchi nzima.

Muundo wa Kiingereza una mantiki yake. Mwanafunzi anasoma miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita akiwa amebanwa kwenye masomo matatu tu: PCB, PCM, EGM, HGL na kadhalika. Akifika chuo, anaingia kwenye fani yake moja kwa moja. Haanzi na masomo ya jumla, kwa sababu msingi umeshajengwa sekondari.

Mmarekani anafanya kinyume chake. Anamaliza sekondari akiwa na miaka 12 ya shule, masomo mengi bila kubobea. Kwa hiyo sehemu kubwa ya miaka yake ya mwanzo chuoni ni masomo ya jumla: historia, uandishi, hesabu, sayansi ya msingi. Fani yenyewe inakolea baadaye. Ndiyo maana digrii yake inahitaji miaka minne.

Yaani ile miaka miwili ya fomu faivu na fomu siksi, iliyokufanya ukeshe na vitabu, si miaka iliyopotea. Vyuo vingi vya Marekani huwapa wanafunzi waliofaulu A-level za Cambridge krediti za chuo, wakiruka baadhi ya masomo ya mwanzo. Wanajua kwamba kiwango kile kimevuka sekondari yao ya kawaida.

Hesabu ya miaka 16

Sasa chukua kalamu, tuhesabu miaka yote ya shule kuanzia darasa la kwanza mpaka digrii ya kwanza:

- Tanzania: 7 ya msingi + 4 + 2 + 3 ya chuo = 16
- Uganda: 7 + 4 + 2 + 3 = 16
- Kenya, mfumo wa 8-4-4: 8 + 4 + 4 = 16
- England: 13 + 3 = 16
- Marekani: 12 + 4 = 16
- India, digrii ya kawaida ya miaka mitatu: 12 + 3 = 15

Umeona? Mkenya wa 8-4-4 ana digrii ya miaka minne na wewe una ya mitatu, lakini mmekaa darasani miaka sawasawa. Yeye hakupitia fomu faivu na siksi, mwaka mmoja ukaenda msingi na mwingine ukaenda chuo. Ni shati lilelile, vifungo vimepangwa tofauti.

Mstari wa mwisho ndio unaoeleza kwa nini vyuo vya Amerika ya Kaskazini vina wasiwasi na maneno "miaka mitatu". Kwa muda mrefu vimepokea waombaji wengi sana kutoka India, ambako jumla ni miaka 15. Vingine vikaamua kuandika sharti la jumla, "miaka minne", ili kumaliza mjadala. Sharti liliandikwa kwa ajili ya hali fulani, lakini linasomwa na kila mtu, akiwemo Mtanzania ambaye hesabu yake ni 16.

Hii haimaanishi kwamba hesabu ya 16 ni ufunguo wa kila mlango. Kuna vyuo vinavyoangalia miaka ya chuo tu na havitaki kusikia habari ya kidato cha sita. Ila huwezi kujua ni chuo kipi mpaka uulize, na huwezi kuuliza vizuri kama huijui hesabu yenyewe.

Na krediti je?

Njia nyingine ya kupima digrii ni krediti, na hapa watu wengi wanachanganyikiwa. Kwa mfumo wa TCU, digrii ya kwanza ni ngazi ya 8 na inahitaji angalau krediti 360. Krediti moja ni saa 10 za kujifunza: lekcha, maabara, fildi, kujisomea, vyote kwa pamoja. Hiyo ni sawa na Uingereza, ambako digrii ya miaka mitatu pia ni krediti 360 za saa 10.

Ulaya bara wanatumia ECTS: krediti 60 kwa mwaka, kwa hiyo miaka mitatu ni 180, na kila moja ni saa 25 hadi 30. Kwa kawaida krediti mbili za Uingereza huhesabiwa kuwa ECTS moja. Marekani wao digrii nzima ni krediti kama 120, lakini wanahesabu kwa saa za darasani kwa wiki katika semista.

Kwa hiyo namba 360, 180 na 120 haziwezi kulinganishwa kama bei za nyanya pale Majengo. Usiandike kwenye maombi kwamba una krediti mara tatu ya Mmarekani. Andika namba yako na ueleze krediti moja ni saa ngapi, wao watafanya hesabu yao.

Nchi kwa nchi

*Uingereza.* Digrii ya miaka mitatu ndiyo ya kawaida kwao, hivyo muda si tatizo. Wanachoangalia ni daraja. Vyuo vingi vina ukurasa wa kila nchi unaosema GPA gani ya Tanzania inalingana na daraja lao. Ufadhili wa Chevening unahitaji pia uzoefu wa kazi wa saa 2,800, karibu miaka miwili, baada ya digrii.

*Ujerumani, Sweden na Ulaya kwa jumla.* Tangu makubaliano ya Bologna ya mwaka 1999, digrii ya miaka mitatu ya krediti 180 imekuwa ya kawaida sehemu nyingi za Ulaya. Uzamili wa miaka miwili kwa kawaida unaomba 180. Lakini soma kwa makini: kuna uzamili mfupi, wa mwaka mmoja au mmoja na nusu, unaotaka 210 au 240. Hapo miaka mitatu inaweza isitoshe. Kwa Ujerumani, angalia hali ya chuo chako kwenye hifadhi ya taarifa inayoitwa anabin. Alama ya H+ maana yake chuo kinatambulika. Ufadhili wa DAAD kwa kozi za maendeleo huhitaji uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na digrii isiwe imezidi miaka sita. Erasmus Mundus hailazimishi uzoefu wa kazi kwa kozi zake zote, kwa hiyo ni pazuri kwa anayemaliza sasa.

*Japani.* Hawa wanasema waziwazi kwenye kanuni zao: mwombaji wa uzamili awe amesoma miaka 16. Hesabu yako ya 7+4+2+3 inaingia moja kwa moja. Tena tangu 2016 wameongeza njia nyingine kwa mwenye digrii ya kwanza ya miaka mitatu au zaidi kutoka chuo kinachotambulika. Ufadhili wa serikali yao, MEXT, unaweza kuombwa kupitia ubalozi wa Japani Dar es Salaam.

*Afrika Kusini.* Hapa kuna mtego. Digrii yao ya miaka mitatu ni ngazi ya 7, kisha kuna mwaka mmoja wa Honours ambao ni ngazi ya 8, ndipo uzamili ngazi ya 9. Digrii ya Tanzania inaitwa ngazi ya 8 nyumbani, lakini ngazi za nchi mbili hazilingani kwa sababu tu namba ni ileile. Taasisi ya SAQA inaweza kuitathmini digrii yako kuwa sawa na ngazi yao ya 7, na chuo kikakuambia usome Honours kwanza. Ni mwaka mmoja zaidi wa ada na kodi ya chumba. Uingize kwenye bajeti tangu mwanzo, usiugundue ukiwa umeshafika.

*Australia.* Miaka mitatu ni kawaida kwa uzamili wa kusoma kozi. Kwa utafiti na PhD wanataka Honours ya mwaka wa nne au uzamili.

*Marekani.* Hakuna wizara inayoamua kwa nchi nzima kwamba digrii ya nje inakubalika au la. Kila chuo kina msimamo wake, na wakati mwingine idara ina sauti kubwa kuliko ofisi ya udahili. Vyuo viwili vya jimbo moja vinaweza kukupa majibu tofauti kwa karatasi zilezile. Baadhi wanatuma transkripti kwenye kampuni za tathmini kama WES. Kwa hiyo jibu la rafiki yako aliyeomba chuo kingine si jibu lako. Kuna ushauri wa bure wa EducationUSA kupitia ubalozi wao Dar es Salaam.

*Kanada.* Ni wagumu zaidi. Vyuo vingi vinataka miaka minne, mara nyingi yenye utafiti ndani yake. Uliza kabla ya kulipa ada ya maombi, kwa sababu ada hiyo hairudishwi.

Waliopitia diploma

Kama hukusoma kidato cha sita bali ulitoka fomu foo ukaenda cheti na diploma, halafu digrii, usiogope. Hesabu yako kwa kawaida ni 7 + 4 + 3 + 3 = 17. Shida yako si upungufu wa miaka, ni kueleweka. Ofisa wa nje akitafuta cheti cha kidato cha sita asikione, anaweza kudhani faili halijakamilika. Ambatanisha cheti cha diploma na transkripti yake, na mstari mmoja unaoeleza kwamba diploma ya ngazi ya 6 ni njia halali ya kuingia chuo kikuu Tanzania.

GPA: kati ya ngapi?

Hapa watu wazuri wanapoteza nafasi. GPA yetu ni kati ya 5.0, ya Marekani ni kati ya 4.0. Kwetu 4.4 hadi 5.0 ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 ni la pili la chini, na 2.0 hadi 2.6 ni pasi. Ukiandika "3.8" peke yake, Mmarekani anaweza kuisoma kama 3.8 kati ya 4.0, halafu transkripti ikifika aone unamdanganya. Siku zote andika "3.8 kati ya 5.0", na usijibadilishie mwenyewe isipokuwa fomu imekuomba.

Wajerumani wana kanuni yao, na unaweza kuipiga mwenyewe. Kwao 1.0 ndiyo bora kabisa na 4.0 ndiyo ya chini ya kufaulu. Chukua alama ya juu kabisa ya mfumo wako, toa alama yako. Gawanya kwa tofauti kati ya alama ya juu na ya chini ya kufaulu. Zidisha kwa 3, kisha jumlisha 1.

Kwa GPA ya 3.8: 5.0 toa 3.8 ni 1.2. 5.0 toa 2.0 ni 3.0. 1.2 gawanya kwa 3.0 ni 0.4, mara 3 ni 1.2, jumlisha 1 unapata 2.2.

Jaribu na 3.5, utapata 2.5. Namba hii ikariri, maana kozi nyingi za Ujerumani zinazochuja kwa alama huweka mpaka hapohapo kwenye 2.5. Mwenye 3.5 yuko mlangoni kabisa. Mwenye 3.2 anapata 2.8, na atafute kozi zisizo na mpaka huo. Kama uko mwaka wa pili na GPA yako ni 3.4, sasa unajua thamani ya kile kisapu kimoja unachokipuuza.

Barua pepe moja inayookoa ada

Kabla ya kulipa chochote, iandikie ofisi ya udahili. Iwe fupi, kwa Kiingereza safi, na iwe na mambo haya manne:

"Nina digrii ya kwanza ya miaka mitatu kutoka chuo hiki cha Tanzania. Kabla yake nilisoma miaka 13: saba ya msingi, minne ya sekondari na miwili ya sekondari ya juu, jumla miaka 16. Digrii ni ngazi ya 8 katika mfumo wa taifa, krediti 360, kila krediti saa 10. Je, inakidhi sharti lenu la digrii kwa kozi hii?"

Ambatanisha transkripti. Usisimulie maisha yako, usiombe huruma. Itume miezi miwili au mitatu kabla ya siku ya mwisho, kwa sababu wanajibu polepole. Jibu likiwa zuri, litunze, na ulitaje utakapotuma maombi. Likiwa baya, umeokoa fedha ambayo ingeliwa na ada. Na kama ofisi ya udahili imejibu kwa mkato, mwandikie mratibu wa kozi kwenye idara.

Wakati unasubiri, kusanya hivi:

- Vyeti vya NECTA vya kidato cha nne na cha sita. Hivi ndivyo ushahidi wa miaka yako 13, kwa hiyo vitume hata kama fomu inaomba vya chuo tu.
- Transkripti yenye maelezo ya mfumo wa madaraja.
- Maelezo ya kozi ulizosoma, kutoka kwenye prospektasi ya chuo. Yanasaidia sana idara inapotaka kujua kama ulifika kina gani.
- Ripoti ya utafiti wako wa mwaka wa mwisho, kama ulifanya. Inajibu hofu ya kwamba miaka mitatu haina utafiti.
- Barua ya chuo inayosema ulifundishwa kwa Kiingereza. Vyuo kadhaa huikubali badala ya IELTS au TOEFL.
- Majina. Hakikisha cheti cha kuzaliwa, NECTA, chuo, NIDA na pasipoti vinasema jina moja. Kama kuna tofauti, mwone wakili mapema.

Halafu kuna mawakala. Wapo wa kweli, lakini hakuna wakala anayeweza kuigeuza digrii ya miaka mitatu kuwa ya minne. Anayekuambia analipwa "kuirekebisha" anataka fedha yako, na karatasi ya kughushi itakufungia milango ambayo ilikuwa wazi.

Wakisema hapana

Hapana ya chuo kimoja ni ya chuo kimoja. Ikiwa ni nyingi, bado kuna njia. Uzamili wa nyumbani, hapo UDOM au Taasisi ya Nelson Mandela Arusha, unafuta kabisa swali la miaka unapoomba PhD nje. Kuna nchi zenye mwaka wa daraja, kama Honours ya Afrika Kusini au programu za maandalizi za Uholanzi. Na kuna uzoefu wa kazi, ambao kama ulivyoona, Chevening na DAAD wanautaka hata hivyo. Kitu ambacho si lazima ufanye ni kurudi kusoma digrii ya kwanza upya.

Neno kwa wadogo zetu

Hesabu hii ina mwisho wake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, inaishusha elimu ya msingi kuwa miaka sita. Digrii ikibaki mitatu, jumla itakuwa 6 + 4 + 2 + 3, yaani 15. Kenya nao, kwa mfumo wao mpya wa 2-6-3-3-3, ukiacha awali wanafika 15 hivyohivyo. Watoto hao watakapoomba vyuo vya nje hawataweza kusema "nimesoma miaka 16". Watalazimika kujitetea kwa krediti, saa za kujifunza na ubora wa kazi yao, na vyuo vyetu vitatakiwa kuandika transkripti zinazoeleza hayo wazi.

Wewe uliyeko chuoni sasa bado unayo hesabu ya 16 mkononi. Fungua tena ule ukurasa ulioufunga, tafuta anwani ya ofisi ya udahili, na uulize.